Pima Bunduki Kabla ya Kuiamini Darubini

Darubini humsogeza mnyama kwenye jicho lako, lakini haiisogezi risasi kwenye mnyama. Mtu anayenunua bunduki, akafungiwa darubini na fundi, akaambiwa "iko sawa", kisha akapanda gari kwenda kwenye kitalu cha uwindaji, amekwenda kubahatisha. Mnyama aliyejeruhiwa akakimbilia vichakani hateseki peke yake. Akiwa nyati, anayefuata kuteseka ni yule anayemfuatilia.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye leseni uliye Mgololo au mahali pengine Mufindi, unayesubiri msimu wa uwindaji, na wewe askari wa wanyamapori uliyekabidhiwa bunduki yenye darubini. Unahitaji nusu siku, asubuhi chache baadaye za risasi moja moja, risasi zisizozidi 25, daftari na subira. Mwishoni utakuwa umejua jambo moja ambalo muuzaji hawezi kukuambia: ni umbali gani wewe, kwa bunduki hiyo na risasi hizo, unaweza kupiga bila kubahatisha.

Wafaransa walirekebisha nini

Tuanze na bunduki ambayo kazi yake yote ni kupiga mbali kwa usahihi. Jeshi la Ufaransa lilianza kutumia bunduki ya mdunguzi iitwayo FR F1 miaka ya 1960. Ilitengenezwa na kiwanda cha silaha cha Saint-Étienne. Ni bunduki ya komeo: mpigaji hulivuta na kulisukuma kwa mkono kila baada ya risasi. Ilitumia risasi ya milimita 7.5 yenye ganda la milimita 54, na magazini yake hubeba risasi 10. Miaka ya 1980 ikaja FR F2, inayotumia risasi ya 7.62×51 ya NATO, ambayo ni ndugu wa karibu wa .308 Winchester ya wawindaji. Miaka ya karibuni jeshi hilo limeanza kuiacha na kuchukua SCAR-H PR kutoka Ubelgiji.

Bunduki hizo ni za jeshi. Hutazikuta dukani wala usizitafute. Yafaa tu kujua walichorekebisha walipotoka F1 kwenda F2, maana matatizo yao ni yako pia. Mtutu wa F2 uko huru, haubanwi na kitu kingine mbele ya chemba. Wakauvika ala ya plastiki, kwa sababu mtutu ukipata moto hutoa mvuke wa joto unaopanda mbele ya darubini na kuifanya shabaha icheze. Na ile miguu miwili ya kuegemea wakairudisha nyuma, karibu na mwili wa bunduki. Kinachougusa mtutu, joto lake, na mahali bunduki inapoegemea: mambo hayo matatu utayakuta katika kila hatua hapa chini.

Sheria na mahali pa kupimia

Umiliki wa silaha Tanzania unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Uwindaji uko chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na msimamizi wake nje ya hifadhi za taifa na Ngorongoro ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA). Leseni ya kumiliki bunduki si leseni ya kuwinda, na zote mbili si ruhusa ya kufyatua risasi popote unapojisikia. Kabla ya kufungua boksi la risasi, nenda polisi, umwone mkuu wa polisi wa wilaya, umweleze kwamba unataka kupima bunduki, na uulize ni wapi unaruhusiwa na kwa utaratibu gani. Nenda na leseni iliyo hai na vitambulisho vyako. Bunduki isafirishwe ikiwa tupu, ndani ya mfuko wake, risasi zikiwa mbali nayo.

Usije ukadhani msitu ni uwanja wa shabaha. Mgololo imezungukwa na misindano na mikaratusi, na mtu asiye mzoefu akiiona mistari ile ya miti hufikiri ni ukuta wa kuzuia risasi. Si ukuta. Risasi ya .30-06 ikirushwa juu kidogo inaweza kwenda zaidi ya kilomita 4. Humo katikati kuna wakata miti wa kiwanda cha karatasi, wagema utomvu, wafuga nyuki, wanawake waliotoka kutafuta uyoga wakati wa mvua, malori ya magogo na reli ya TAZARA. Isitoshe, misitu hiyo ina wenyewe: Sao Hill ni shamba la miti la Serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na mengine ni ya kampuni, ya vijiji au ya watu binafsi.

Mahali panapofaa pana sifa hizi:

1. Nyuma ya shabaha kuna kingo ya udongo iliyo juu zaidi ya kichwa cha mtu na pana kwa pande zote. Magogo hayatoshi; risasi hupenya au huteleza na kubadili njia.
2. Hakuna mawe, maji wala vyuma kwenye kingo. Risasi ikigonga jiwe haijulikani inakokwenda.
3. Unaona uwanja wote kuanzia unapolala hadi kwenye shabaha, na pande zake pia.
4. Hakuna njia ya mguu inayokatiza. Penye njia, hata kama leo haina mtu, hamia kwingine.

Nenda na mwenzako. Yeye asipige; kazi yake ni kutazama watu na kushika bendera nyekundu. Akisema "simama", vidole vyote vinatoka kwenye kifyatulio na komeo linafunguliwa. Hakuna mjadala.

Vifaa

Karatasi haiwezi kuwa shida kwa mtu wa Mgololo. Tafuta karatasi ya kaki, ile ngumu ya kutengenezea mifuko, yenye upana wa mita moja hivi, uitundike kwenye fremu ya mbao. Katikati yake bandika kipande cheusi cha sentimita 5 kwa 5. Ukubwa wa karatasi una maana: risasi ya kwanza ya bunduki isiyopimwa inaweza kuanguka sentimita 40 kutoka ulipolenga, na ukitumia karatasi ndogo ya daftari hutaona ilikokwenda.

Uwe na mfuko wa mchanga wa kuwekea sehemu ya mbele ya bunduki, na mwingine mdogo wa maranda ya mbao wa kuwekea chini ya kitako. Maranda Mafinga na Mgololo hayatafutwi. Ongeza tepu ya kupimia, rula, daftari, kalamu ya wino usiofutika, bisibisi zinazolingana na skrubu zako, fimbo ya kusafishia mtutu, kinga ya masikio na miwani. Kinga ya masikio si ya wazungu wala ya waoga. Mlio wa bunduki kubwa huvuka desibeli 140, na sikio likishaumia kwa mlio wa aina hiyo halirudi kama lilivyokuwa.

Risasi zote ziwe za kiwanda kimoja, uzito mmoja na toleo moja. Namba ya toleo imeandikwa kwenye boksi. Kisha soma maandishi yaliyo kwenye mtutu na uyalinganishe na yaliyo kwenye kitako cha ganda. .308 Winchester ina ganda la milimita 51, .30-06 ina ganda la milimita 63, na vichwa vyake vina upana uleule. Kuingiza isiyo yake kunaweza kupasua ganda usoni mwako. Ukipewa risasi za kuokoteza, zisizo na boksi, zikatae.

Ukaguzi kabla ya risasi ya kwanza

Fungua komeo, toa magazini, tazama chemba kwa macho na uiguse kwa kidole. Ni tupu? Endelea.

Pitisha fimbo yenye kitambaa kikavu kwenye mtutu. Mafuta yaliyobaki ndani huipeleka risasi ya kwanza kusiko, nawe ukaanza kuzungusha darubini kwa kosa ambalo si lake.

Chukua kipande cha karatasi ya kawaida, kipitishe kati ya mtutu na ubao ulio chini yake, ukivute kurudi nyuma kuelekea kwenye chemba. Kwa bunduki ambayo mtutu wake umeachwa huru, karatasi hupita bila kukwama. Ikikwama, ubao unagusa. Huku Nyanda za Juu jambo hili si dogo. Ubao wa bunduki iliyohifadhiwa kwenye nyumba yenye unyevu, miezi ya mvua na ukungu, hunywa maji na kuvimba, ukausukuma mtutu upande mmoja. Bunduki hiyohiyo ukiipeleka kuwinda Rungwa kwenye jua kali la Septemba, ubao hukauka na risasi huhama. Mpe fundi mwenye leseni aukwangue na kuupaka vanishi ndani na nje. Usiukwangue kwa kisu cha jikoni.

Kamata darubini kwa mkono, ujaribu kuitikisa. Ikicheza hata kidogo, usipige. Kaza kwanza skrubu za chini zinazoshika kitako cha darubini kwenye bunduki, kisha za pete, kidogo kidogo, ukipokezana pande mbili. Mwisho, lala kama utakavyopiga, funga macho, weka shavu kwenye ubao, fumbua. Picha yote iwe angavu bila kivuli cheusi pembeni. Jicho likae sentimita 8 au 9 nyuma ya kioo. Walioweka jicho karibu zaidi utawatambua kwa kovu la mwezi mchanga juu ya nyusi.

Kupima darubini bila kupoteza risasi

Risasi ni ghali, kwa hiyo chunguza darubini kabla ya kuzitumia. Chora kwenye karatasi ya kaki mistari ya wima na ya mlalo kila baada ya sentimita 5, uitundike mita 100 kamili, zipimwe kwa tepu, zisihesabiwe kwa hatua. Ibane bunduki tupu kwenye mifuko isisogee, na msalaba wa darubini uwe kwenye makutano ya mistari ya katikati.

Sasa zungusha kinobu cha juu. Darubini nyingi husogea kwa robo ya dakika ya pembe kila mlio mmoja wa kinobu, yaani karibu milimita 7 kwa mita 100. Nyingine husogea sehemu moja ya kumi ya mil, yaani sentimita 1 kamili kwa mita 100. Imeandikwa kwenye kinobu. Kama ni ya sentimita 1, zungusha milio 20, na msalaba usogee mistari 4. Rudisha milio 20, na urudi ulipoanzia. Fanya hivyo kwa kinobu cha pembeni pia. Darubini inayosogea mistari mitatu na nusu, au inayokataa kurudi nyumbani, ni mbovu, hata kama picha yake inapendeza. Irudishe dukani kabla hujaipigia hata risasi moja.

Kupiga: hatua kwa hatua

1. *Anza mita 25.* Lala au kaa mezani, bunduki ikae kwenye mfuko wa mchanga kwa sehemu ya ubao iliyo karibu na magazini. Mtutu wenyewe usiguse mfuko. Piga risasi moja. Kwa kuwa darubini iko juu ya mtutu kwa sentimita 4 hivi, bunduki itakayokuwa sawa kwa mita 100 hupiga hapa sentimita 1 hadi 2 chini ya ulipolenga. Rekebisha hadi ufike hapo. Kumbuka kwamba kwa mita 25 mlio mmoja husogeza robo tu ya kile unachopata kwa mita 100. Risasi iliyo sentimita 3 kushoto huhitaji milio 12 ya sentimita 1, si mitatu.

2. *Nenda mita 100.* Piga risasi 3 bila kugusa vinobu, hata kama ya kwanza imeangukia vibaya. Unatafuta kundi. Risasi moja haisemi neno.

3. *Tafuta katikati ya kundi.* Tuseme katikati yake iko sentimita 6 chini na sentimita 4 kushoto, na darubini yako ni ya milimita 7. Gawanya: juu milio 9, kulia milio 6. Fuata mshale wa kwenye kinobu; herufi U, au H kwa darubini za Kijerumani, ni kupandisha risasi, na R ni kuipeleka kulia.

4. *Pumzisha mtutu.* Ushike kwa mkono. Kama huwezi kuuacha mkono hapo kwa raha, subiri. Bunduki za kuwindia zina mitutu myembamba na hazina ala kama FR F2. Baada ya risasi 3 mpaka 5 za mfululizo, kundi huanza kutawanyika na shabaha kucheza machoni. Acha komeo wazi, weka bunduki kivulini, kunywa chai.

5. *Piga risasi 5 za kuthibitisha.* Kundi la 3 hukudanganya kwa kukupendeza. La 5 husema ukweli zaidi. Kama risasi zote 5 zinaingia kwenye duara la sentimita 5 kwa mita 100, una bunduki nzuri ya kuwindia. Zikitawanyika kwa sentimita 10 au zaidi, usilaumu darubini moja kwa moja. Kagua skrubu, jaribu risasi za kiwanda kingine, kisha mpe mpigaji mwingine mzoefu apige. Akipata kundi dogo, bunduki haina kosa.

6. *Rudi kesho kwa risasi moja.* Hii ndiyo risasi muhimu kuliko zote. Porini hutapiga ukiwa na mtutu wa moto uliokwisha kufyatua risasi 10. Utapiga moja, mtutu ukiwa baridi. Ipige asubuhi mita 100, uizungushie duara, uandike tarehe. Ukirudia siku kadhaa kwenye karatasi ileile, utajua mtutu baridi wa bunduki yako hupiga wapi.

Vuta pumzi, toa nusu, bonyeza kifyatulio polepole hadi mlio ukushtue. Anayejua sekunde ambayo bunduki italia hufumba macho na kukaza bega kabla haijalia. Ukitaka kujipima, mwambie mwenzako aweke kwenye magazini ganda la mazoezi lisilo na baruti bila wewe kujua liko la ngapi. Bunduki ikikataa kulia na mtutu ukaruka, aliyeruka ni wewe.

Mita 200 na upepo

Risasi huanza kushuka tangu inapotoka mtutuni. Kwa .308 au .30-06 ya kawaida iliyosawazishwa mita 100, mita 200 itakuwa imeshuka kati ya sentimita 10 na 13, na mita 300 kati ya sentimita 40 na 50. Angalia namna tofauti inavyokua: mita mia ya mwisho hula mara tatu ya ile iliyotangulia. Usitegemee namba zangu wala za kwenye boksi. Piga mwenyewe mita 200, upime kwa rula, uandike.

Upepo ni mgumu kuliko umbali, maana hauonekani. Upepo wa kilomita 16 kwa saa, ule unaotikisa matawi madogo ya mikaratusi bila kukoma, ukivuma kutoka pembeni huisukuma risasi hiyo kama sentimita 2 kwa mita 100, lakini karibu 9 au 10 kwa mita 200. Mabonde na maeneo yaliyokatwa miti yana tabia ya kuwa na upepo wa upande mmoja ulipo wewe na wa upande mwingine ilipo shabaha. Weka vipande vya kitambaa kwenye vijiti katikati ya uwanja na karibu na shabaha, uvitazame kabla ya kubonyeza.

Wakati mzuri wa kupima ni asubuhi, ukungu ukishanyanyuka na kabla jua halijaipasha ardhi. Saa sita mchana ardhi tupu hutoa mvuke wa joto, na kile cheusi cha sentimita 5 huogelea machoni. Baridi nayo ina kazi yake. Asubuhi za Juni na Julai, baruti iliyolala kwenye baridi ya Mufindi husukuma risasi kwa nguvu pungufu kidogo kuliko iliyoshinda kwenye gari mchana wa Rungwa. Kwa mita 100 hutaona tofauti. Kwa 300 inaweza kuonekana. Kwa hiyo ukifika kitaluni, muombe mwindaji bingwa au askari akuonyeshe mahali pa kupiga risasi mbili za kuhakiki kabla ya uwindaji kuanza. Safari ya barabara mbovu peke yake inatosha kulegeza skrubu.

Andika, kisha jiwekee mpaka

Katika daftari andika tarehe, mahali, hali ya hewa, aina ya risasi na namba ya toleo, umbali, ukubwa wa kundi, na alama ya kila kinobu ulipomaliza. Ukibadilisha chochote kati ya bunduki, darubini, pete au aina ya risasi, kipimo kimekufa, anza upya. Hata boksi jipya la toleo tofauti linastahili risasi 3 za uhakiki.

Zoezi la mwisho halifanyiki mezani. Weka mifuko pembeni, piga kama utakavyopiga porini: umeketi, umepiga goti, au umeegemeza bunduki kwenye fimbo tatu, mapigo ya moyo yakiwa juu baada ya kupanda kilima. Tumia sahani ya chakula ya karatasi yenye kipenyo cha sentimita 20 kama shabaha. Umbali wa mwisho ambao risasi zako zote 5 zinaingia kwenye sahani hiyo ndio umbali wako. Kwa wengi hautafika mita 200, na hakuna aibu.

Uandike umbali huo kwenye ukanda wa bunduki, mahali unapouona ukiinua silaha. Mnyama akisimama ng'ambo ya mpaka huo, sogea karibu au mwache aende.